Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Majengo ya Umma: Paa la Skuli Yetu Litaezuliwa Tena

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia ujenzi wa skuli na vituo vya afya, mnaopitisha viwango vya vifaa vya ujenzi, na mnaotia saini malipo ya wakandarasi, Zanzibar.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

KUH: MAPAA YA MAJENGO YA UMMA YASIYOHIMILI UPEPO

Naandika nikiwa mzazi, na nikiwa fundi wa kuezeka ambaye kazi yake yote imekuwa hapa Pemba. Jambo hili halikuanzia hadharani. Lilianzia kwa sheha, likapanda hadi wilaya, likaandikiwa barua kwa njia zinazotakiwa, na jawabu ikawa ile tuijuayo sote: suala lenu linafanyiwa kazi. Kazi iliyofanyika tumeiona kwa macho. Kwa hiyo leo nasema mbele ya watu, kwa adabu ile ile, ila bila ya kunong'ona.

Kisa chenyewe ni kifupi. Banda la madarasa mawili katika skuli ya shehia yetu, kaskazini mwa kisiwa, liliezuliwa usiku na upepo wa mvua za masika. Hakikuwa kimbunga, wala hakuna aliyeupa upepo ule jina. Ilikuwa dhoruba ya muda mfupi, ya aina ambayo huku kwetu haimshangazi mtu. Alhamdulillahi, hakukuwa na mtoto ndani. Mabati mengine tuliyakuta kwenye mikarafuu ya jirani, yamekunjika, na vipande vya papi, zile mbao zinazopigiliwa bati, vikiwa bado vimeng'ang'ania. Baada ya kungoja sana paa likarejeshwa. Likarejeshwa kwa mabati membamba kuliko ya mwanzo, kwa misumari ya aina ile ile, juu ya ukuta ule ule usiokuwa na kitu cha kuifunga mbao. Kipya kilikuwa rangi.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Hesabu ya upepo haikupigwa.

Wengi hudhani upepo hulisukuma paa. Kinachosukumwa ni ukuta, paa hunyanyuliwa. Upepo unapopita juu ya paa lenye mwinuko mdogo huacha mvuto upande wa juu, na paa zima hutaka kwenda kama tanga lililokatika kamba. Upepo wa kilomita 60 kwa saa una nguvu ya kiasi cha kilo 17 kwa kila mita ya mraba. Ukifika kilomita 120 haiwi kilo 34, huwa karibu kilo 70, kwa sababu mwendo ukizidi mara mbili nguvu huzidi mara nne. Kwa banda la mita 8 kwa 16, mvuto huo ukilishika paa lote unakaribia tani 9. Bati na mbao za paa kama lile hazifiki tani 3. Tofauti yake yote ni lazima ishikwe na misumari, mikanda na ukuta, hakuna kingine.

Na hapo nimesema kwa wastani. Kwenye pembe, kwenye kingo za upenu na karibu na kofia ya juu mvuto huwa mkubwa mara mbili, na pengine zaidi. Ndipo panapotakiwa kukazwa kuliko kwengine. Skuli yetu pembeni imepigwa misumari kwa nafasi zile zile za katikati, na mahala pengine imepungua, maana ndipo fundi alipofika jua likiwa limeshamchosha.

2. Mabati ya watoto wetu bado yameshikwa na misumari laini isiyo na meno.

Hapa naomba mnivumilie nende mbali kidogo. Usiku wa kuamkia Krismasi ya 1974, kimbunga Tracy kiliupiga mji wa Darwin, kaskazini mwa Australia. Kipimo cha upepo cha uwanja wa ndege kilisoma kilomita 217 kwa saa, kisha kikaharibika. Nyumba nyingi za mji ule zilivunjika au kuharibika vibaya, na zilikuwa nyumba za nchi tajiri, zilizojengwa kwa ramani na vibali. Wahandisi walipochunguza walikuta mabati mengi yameondoka huku misumari na skrubu zikiwa zimebaki kwenye mbao, zimekaa pale pale zilipopigwa. Bati lilikuwa limepasuka kuzunguka kichwa cha msumari. Halikutoka kwa mvuto mmoja mkubwa. Lilipigwapigwa juu chini, juu chini, mara maelfu kwa saa chache, likachoka, likafanya ufa, kisha likavuka kichwa cha msumari na kwenda zake.

Kabla ya Tracy, bati lilikubaliwa kwa kuvutwa mara moja likaonekana halitoki. Baada ya Tracy, Australia ikataka livutwe na kuachiwa maelfu ya mara ndipo likubaliwe kwa maeneo ya vimbunga. Mwaka 1977, huko Townsville, katika Chuo Kikuu cha James Cook, ikaanzishwa taasisi maalumu ya kupima nyumba kwa nguvu za kimbunga.

Kwa nini nasema haya kwa skuli ya Pemba? Kwa sababu vipande nilivyookota kwenye mikarafuu vina tundu zilizochanika hivyo hivyo. Na palipokuwa hapana tundu iliyochanika, msumari wenyewe ndio uliochomoka. Msumari laini hushikwa na mbao kwa kubanwa tu. Ukiupiga kwenye mbao ambayo haijakauka, mbao ikikauka huachia, na jua na baridi ya usiku vinauchezesha kila siku ya Mungu. Skrubu yenye meno na mpira chini ya kichwa hushika mara kadhaa zaidi. Huu si utaalamu wa siri. Kila muuza vifaa Wete na Chake Chake anazo.

3. Paa limelalia ukuta, halikufungwa.

Mtaulizwa na mkandarasi: mbona mabati mengine yaliondoka na papi zake? Ndiyo. Pale bati liliishika papi, lakini papi haikuishika kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa. Paa lina viungo vinne: bati na papi, papi na kenchi, kenchi na mbao ya juu ya ukuta, mbao hiyo na ukuta wenyewe. Ukikaza vitatu ukasahau kimoja, umesahau vyote. Nimeona nyumba za watu ambapo fundi amejaza skrubu nzuri za bei, kisha kenchi nzima imegongwa ukutani kwa misumari miwili ya kupigwa pembeni. Upepo ukija, huondoka na paa kamili, limeshonwa vizuri kabisa.

Kinachotakiwa ni mkanda wa chuma unaopita juu ya kenchi na kushuka pande zote mbili, na lenta ya zege yenye nondo inayozunguka ukuta mzima, iliyoachiwa vipande vya nondo au chuma vya kuifunga mbao. Banda letu halina lenta ya juu. Mbao imekaa juu ya matofali.

Kisha kuna madirisha. Skuli zetu nyingi zina ukuta wa matofali ya matundu upande mmoja kwa ajili ya hewa, jambo jema kwa joto letu. Lakini upepo ukiingia upande huo na upande wa pili pamefungwa, huwa unalisukuma paa kutoka ndani huku unalivuta kutoka nje. Mlango ukivunjika upande unakotoka upepo, yanakuwa hayo hayo. Mchoraji anayejua hili huongeza ufungaji, au huacha hewa itoke upande wa pili. Sijaona dalili kwamba limefikiriwa.

4. Geji inayoandikwa siyo geji inayofika.

Katika geji, yaani namba ya unene wa bati, namba ikipanda unene unapungua. Geji 28 huwa kama milimita 0.4, geji 30 kama milimita 0.3, na 32 ni nyembamba zaidi ya hapo. Mabati yaliyoletwa kutuezekea yalisemwa ni geji 28. Kipimo changu kilisoma chini ya 0.3, na hapo ni pamoja na rangi. Bati jembamba ndilo linalochoka upesi pembezoni mwa msumari, kama nilivyoeleza huko Darwin.

Kibaya zaidi ni zinki. Sisi tunaishi na chumvi. Upepo wa kusi huileta, wa kaskazi huileta, na hakuna kijiji Pemba kilicho mbali na bahari. Bati lenye zinki ya gramu 275 kwa mita ya mraba na bati lililopakwa zinki kidogo tu yote yanang'aa sawasawa siku ya kuzinduliwa. Baada ya miaka michache moja linaanza kutu kwenye kila tundu la msumari, na hapo hapo ndipo lilipotakiwa kuwa na nguvu. Siku hizi watu huchagua rangi kwanza, wakauliza kama ni msauzi au migongo mipana (aina za maumbo ya bati), na unene ukawa suala la mwisho. Kwa mtu na nyumba yake, ni hiari yake. Kwa skuli, si hiari ya mkandarasi.

5. Umbo la paa nalo lina lawama yake. Nitalipita kwa ufupi, kwa sababu majengo yaliyokwisha simama hayawezi kubadilishwa kirahisi. Paa la pande nne huhimili upepo kuliko la pande mbili lenye kuta za pembetatu. Mwinuko wa kama nyuzi 30 ni salama kuliko paa la kulala. Na paa la baraza lisiunganishwe na paa kuu, ili likinyanyuliwa lende peke yake. Wazee wetu waliezeka nyumba za makuti za pande nne zenye mwinuko mkali, na kwa pande zote nne hawakukosea.

6. Hakuna aliyepanda juu.

Hili ndilo linaloniuma kuliko mengine. Mkaguzi alikuja, akasimama uwanjani, akatazama juu, akatia saini. Kiungo cha kenchi na ukuta hakionekani kutoka uwanjani. Dari likishawekwa hakionekani hata ukiwa ndani ya darasa. Malipo yakatoka. Tulipouliza, tukaambiwa kazi imeshapokelewa. Waheshimiwa, kazi imepokelewa na nani, naye aliona nini?

Sasa najua mtakayojibu, kwa sababu tumeshajibiwa hivyo maofisini.

Mtasema vimbunga havifiki kwetu. Ni kweli kwamba visiwa hivi viko karibu na ikweta, Pemba kwenye nyuzi 5 tu za kusini, na huku mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kukipa kimbunga msokoto wake. Ndiyo maana ni nadra. Lakini nadra si kutokuwepo. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi na kuzamisha merikebu za Sayyid Barghash bandarini. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo sisi ndio tukawa kisiwa cha karafuu. Tumelelewa na kisa hicho tukikihesabu kuwa neema, tukasahau kwamba kilipita jirani tu. Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliingia Cabo Delgado, Msumbiji, na Mtwara watu wakahamishwa. Aprili 2021 Jobo alikuja hadi karibu na pwani ya Dar es Salaam, nguvu zikamwishia njiani. Tarehe 4 Mei 2024 Hidaya aliingia Mafia, kiasi cha kilomita 200 kusini mwa mji wa Unguja, na boti za Dar es Salaam na Unguja zikasimama. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari mapema, na nawapongeza. Lakini tahadhari huwatoa watu njiani. Haikazi skrubu.

Na hata tukiacha vimbunga, banda letu liliezuliwa na dhoruba ya kawaida ya masika. Kwa hiyo jawabu ya ikweta haituhusu.

Mtasema bati ndilo tatizo. Wengine huleta mfano wa kisiwa cha Mayotte, ambako kimbunga Chido kilipita tarehe 14 Desemba 2024 kwa upepo uliozidi kilomita 220 kwa saa na kuvifagia vitongoji vya mabati vya mlimani. Picha zile tuliziona sote, na wengi wa waliopatwa wana nasaba na sisi kupitia Ngazija na Nzuwani. Lakini vibanda vile vilikuwa mabati yaliyogongwa kwenye vijiti, bila msingi wala lenta. Kwa upepo wa Chido sitamwahidi mtu kwamba bati lolote litabaki; kwa upepo wa nusu yake, lililofungwa vyema hubaki. Dominica, Septemba 2017, kimbunga Maria kiliharibu takriban paa tisa katika kila kumi, na walipojenga upya hawakuacha bati. Waliongeza skrubu, mikanda na papi zinazokaribiana.

Je, turudi kwenye makuti? Makuti yana sifa zake: hupitisha hewa, kwa hiyo upepo haupati pa kuyashikia kama bati, na yakiruka hayamkati mtu shingo. Bati lililoruka ni panga. Lakini makuti huoza, huwaka moto, na hayatupi maji safi ya mvua. Sidhani kuna mzazi atakayeyakubali juu ya darasa la watoto mia. Vigae vya udongo au vya saruji ni vizito na hilo husaidia, ila kila kigae kifungwe. Florida mwaka 1992, kimbunga Andrew kilivitoa vile ambavyo havikufungwa sawasawa na kuvirusha kwenye madirisha ya jirani.

Paa la zege au la mawe na chokaa ndilo linaloshinda upepo. Bermuda, kisiwa kinachopigwa na vimbunga vya Atlantiki, nyumba zake za kale huezekwa kwa vipande vya mawe ya chokaa vilivyopakwa chokaa nyeupe, vinavyokinga pia maji ya kunywa, na zimesimama kwa vizazi. Mji Mkongwe nao ulikuwa na mapaa bapa ya boriti, mawe na chokaa. Mengi yalivuja kwa kukosa matunzo, yakafunikwa na mabati juu yake. Paa zito lisilotunzwa huua likianguka, na hilo nalo tusilifiche. Kwa hiyo siombi zege kila mahala. Naomba angalau chumba kimoja katika kila skuli, au kituo cha afya kimoja katika kila shehia, kiwe na paa la zege ambako watu watakimbilia siku ya tahadhari. Mengine yabaki bati, lakini bati la kweli lililofungwa.

Mtasema hakuna fedha. Skrubu, mikanda ya chuma na mbao chache za ziada ni sehemu ndogo ya bei ya paa. Paa letu limelipiwa mara mbili ndani ya muda mfupi. Nani aliyeokoa fedha hapo?

Tunachoomba ni hiki. Mosi, banda letu lifanyiwe ukaguzi na mhandisi atakayepanda juu na kufungua dari, mbele ya kamati ya skuli, kabla ya masika yajayo. Pili, kila mkataba wa kuezeka jengo la umma utaje kwa maandishi unene wa bati kwa milimita (si kwa geji tu), gramu za zinki, aina ya skrubu, nafasi zake katikati na kwenye kingo, na namna kenchi inavyofungwa ukutani. Tatu, mabati yapimwe bandarini na tena yanapofika kwenye ujenzi, na yasiyotimia yarudishwe kwa gharama ya aliyeyaleta. Nne, malipo ya mwisho yasitoke mpaka viungo vyote vipigwe picha kabla ya dari kufungwa, na picha hizo zibandikwe ofisini kwa sheha ambako mzazi yeyote anaweza kuziona.

Mafundi wa hapa wakipewa siku chache za mafunzo, kazi hii wataiweza. Mimi ni miongoni mwao na nitakuja bila malipo.

Vipande vya bati vyenye tundu zilizochanika ninavyo nyumbani, pamoja na papi na misumari iliyochomoka, na kipimo nilichotumia kupimia unene. Nitajieni siku na mahala, nitavileta.

Wabillahi tawfiq.

Mzazi na fundi wa kuezeka,
Mkoa wa Kaskazini Pemba.

Nakala: Sheha wa shehia, Kamati ya skuli, Mwakilishi wa jimbo.